Makundi Kumi na Moja Kwenye Simu Moja

MEZA YA MAMA KARANI: maswali yenu kuhusu kazi

Mwezi huu barua zimekuwa nyingi kuliko kawaida, na karibu zote zina kilio kimoja: makundi ya kazi kwenye simu. Wameniandikia wahasibu, walinzi, muuguzi, makarani wa stoo, na dereva wa lori aliyekuwa Mlolongo kwenye foleni ya mzani. Nimechagua tano. Zilizobaki nitazijibu moja moja, msichoke kungoja.

Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: nimekaa kwenye meza ya ukarani miaka 26, mingi yake kwenye kampuni ya kutoa na kusafirisha mizigo huku Industrial Area. Jina la Mama Karani nilipewa na madereva. Nilianza kazi zama za ubao wa matangazo na daftari la mlangoni. Ule ubao ulikuwa wangu. Tangazo nilichapa mimi, nikalipiga muhuri, nikalibandika kwa pini, na kila Ijumaa jioni nilipita nikiondoa yaliyopitwa na wakati. Tulipohamia kwenye simu, kazi hiyo ya Ijumaa ndiyo iliyotupotea. Siku hizi kila mtu anabandika, wa kubandua hakuna. Mtaona nikilirudia jambo hili, maana karibu kila barua ukiichimba unalikuta chini.

*

*Mama Karani, hujambo? Mimi ni msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha vifungashio, upande wa Lunga Lunga. Kwenye simu nina makundi ya kazi kumi na moja. Kuna la kiwanda kizima, la wasimamizi, la zamu ya usiku, la usalama, la mashine nambari tatu iliyoharibika mwaka juzi ikatengenezwa, la wakaguzi waliokuja wakaenda zao, na mengine. Tatizo likitokea tu, meneja wetu anafungua kundi. Wiki iliyopita agizo la kubadilisha rangi ya maboksi ya mteja lilitumwa kwenye kundi nililokuwa nimelinyamazisha. Tulichapa rangi ya zamani mpaka kukapambazuka. Nimepewa barua ya onyo. Nifanyeje? — Wa Zamu ya Usiku, Industrial Area*

Pole sana, ndugu yangu. Nilipoisoma barua yako nilikumbuka Jumanne moja ya mwaka wa 2019.

Wakati huo mizigo mingi ya wateja wetu ilikuwa ikipanda treni Mombasa na kushukia kwenye bandari ya nchi kavu ya Embakasi. Kontena lina siku zake za bure pale. Zikiisha, bandari inaanza kutoza ghala, na mwenye meli naye anatoza kwa kucheleweshewa kontena lake. Asubuhi hiyo mwenzetu wa upande wa forodha aliandika kwenye kundi la ofisi kwamba kontena fulani limeachiliwa, lori liende kabla ya saa sita. Aliandika saa moja na dakika kumi. Saa moja na robo likaingia tangazo la msiba: mhasibu wetu amefiwa na mama mkwe. Kinachofuata unakijua. Pole, pole sana, Mungu awape nguvu, mikono ya kuomba, mishumaa. Ndivyo inavyotakiwa, mtu hafiwi tukanyamaza. Mimi mwenyewe niliandika pole.

Saa tisa mteja akapiga simu kuuliza mzigo wake uko wapi. Nikaishika simu nikaanza kupandisha kwa kidole gumba, napandisha, napandisha, chai inapoa mezani, mpaka nikaufikia ule mstari mmoja, umekaa peke yake juu ya pole 63. Dereva alikuwa ameegesha Enterprise Road tangu saa mbili akingoja kuambiwa. Siku za bure ziliisha usiku ule.

Nilitafuta wa kulaumiwa na hata leo sijamwona. Wa forodha aliandika kwa wakati. Wenzake walimpa pole mwenzao. Dereva alikuwa tayari. Kundi lilibebeshwa kazi mbili zisizokaa pamoja, na kazi ndogo ikamezwa na kubwa. Kwako imekuwa kinyume chake, kazi moja imegawanywa kwenye makundi kumi na moja, lakini mwisho ni uleule: ujumbe umefika kwenye simu na haujamfika mtu.

Kwa hiyo chukua karatasi. Si simu, karatasi. Yaandike hayo makundi yote kumi na moja, na mbele ya kila moja andika linafanya kazi gani leo hii na nani mwenyewe. Mwenyewe ninayemsema ni yule ambaye kundi likikaa kimya wiki nzima yeye ndiye atakayeulizwa. Kundi lisilo na kazi wala mwenyewe lichorwe mstari. Nina hakika la mashine nambari tatu litaondoka hapo hapo, na la wakaguzi pia. Karatasi hiyo mpelekee meneja mkiwa wawili, ofisini kwake, asubuhi kabla kelele hazijaanza. Usimwandikie kwenye kundi, maana hapo atakuwa anasoma mbele ya watu, na mtu anayesomwa na watu hujitetea kwanza.

Mwombe mawili makubwa. La kwanza, kundi la kiwanda kizima libaki la matangazo tu, wanaoandika wawe maadmini peke yao. WhatsApp inaruhusu hivyo tangu mwaka wa 2018, ni mpangilio mmoja ndani ya mipangilio ya kundi. Hapo watu wataacha kulinyamazisha, kwa sababu likilia watajua kuna neno. Ujumbe mzito unaweza kubandikwa juu kwa saa 24, siku 7 au siku 30, na muda ukiisha unajibandua wenyewe. Nilipoujua mpangilio huo nilifurahi kama niliyerudishiwa ubao wangu.

La pili, na hili ndilo lililokuponza: agizo la kubadilisha kazi iliyokwisha kuanza halitumwi kwenye kundi. Linapigiwa simu kwanza kwa mwenye zamu, halafu ndipo linaandikwa liwe kumbukumbu. Mashine inayozunguka haisomi ujumbe, na aliyeisimamia ana grisi mikononi. Na anayepokea agizo asijibu "sawa". Hiyo "sawa" imeharibu kazi nyingi mjini hapa. Watu kumi na wawili wanaandika "sawa", kila mmoja akidhani yule mwingine ndiye atakayefanya. Madereva wetu tuliwazoesha kujibu kwa kurudia tarakimu nne za mwisho za kontena na saa watakayofika. "4417, saa tano." Hapo nilijua nani amepokea nini. Kwako iwe jina la mteja na rangi. Ukitaka kujua nani ameusoma ujumbe wako kundini, ubonyeze ukae kidogo kisha ufungue maelezo yake. Utaonyeshwa waliosoma na waliofikiwa tu. Lakini kusoma si kukubali, hilo tusijidanganye.

Kuna na namna ya kufunga kundi, maana wengi hutoka tu wakaliacha linaelea. Admini aandike kwanza: kundi hili tunalifunga Ijumaa, mwenye picha au namba anayohitaji aihifadhi. Ijumaa ikifika, ahamishe mazungumzo yote kwenye barua pepe ya ofisi. Abadilishe jina, mbele aweke neno LIMEFUNGWA na tarehe, na azuie wengine kuandika. Likae hivyo mwezi mmoja ili anayetafuta jambo la zamani alipate, kisha awaondoe watu na alifute.

Barua ya onyo ijibu. Usiinyamazie kwa hofu. Andika kwa adabu, ukurasa mmoja: agizo lilitumwa saa ngapi, kwenye kundi gani, wewe ulikuwa wapi na unafanya nini saa hiyo, na kwamba hukupigiwa simu. Ambatanisha ile orodha ya makundi kumi na moja. Omba nakala ya jibu lako iingizwe kwenye faili lako. Ikitokea siku wakataka kukufukuza kwa kosa la aina hii, Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri akueleze sababu kwa lugha unayoielewa na akusikilize ukiwa na mfanyakazi mwenzako uliyemchagua. Siku hiyo jibu lako la leo litakuwa limeshatangulia.

*

*Shikamoo, Mama. Ninapokea simu za wateja kwenye ofisi moja Westlands. Mwezi uliopita nililazwa siku mbili. Niliporudi bosi akaniambia niweke karatasi ya daktari kwenye kundi la ofisi, watu 34, ili kila mtu aone hakuna anayelala nyumbani bure. Nikaiweka. Ugonjwa wenyewe umeandikwa pale. Tangu hapo wapo wanaonong'ona nikipita. Tena bosi huyo huandika kundini saa nne usiku, saa tano, na asubuhi ananiuliza mbele ya wote mbona sikujibu. Naogopa kazi isiniponyoke. — Binti wa Kangemi*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu moyo umeniuma. Ulichotendewa si sawa. Naanza na hilo ili usiendelee kujiuliza kama wewe ndiye mwenye haya.

Mtu akiugua, sheria inataka amwonyeshe mwajiri karatasi ya daktari. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Ajira kinampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini siku zisizopungua saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na saba nyingine kwa nusu mshahara, kwa kila miezi kumi na miwili, akileta cheti cha daktari. Cheti ni cha mwajiri. Wenzako wa kundini si mwajiri wako. Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019, inayozihesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, zinazotaka uangalifu kuliko jina au namba ya simu. Karatasi hiyo ilipaswa kuishia kwa anayeshughulikia mambo ya wafanyakazi, ndani ya faili, na faili ndani ya kabati lenye kufuli. Hivyo ndivyo nilivyozitunza mimi. Ufunguo nilikuwa nao kwenye mkoba, na hata mkurugenzi akitaka faili alikuwa ananiomba.

Kuifuta kwa kila mtu umechelewa. WhatsApp inakupa kama siku mbili na nusu baada ya kutuma, na baada ya hapo ukifuta inaondoka kwako tu. Na aliyeipakua picha anayo kwenye simu yake. Kwa hiyo dawa imebaki kwa watu wenyewe. Mwandikie bosi barua pepe, fupi, kama hivi:

"Nilipoambiwa niweke cheti changu cha daktari kwenye kundi la ofisi, niliweka. Cheti kina habari za afya yangu ambazo ni siri. Naomba wanakundi waelekezwe kukifuta kwenye simu zao, na nakala yangu ibaki kwenye faili la wafanyakazi peke yake. Naomba pia vyeti vya wagonjwa visitumwe tena kundini. Ahsante."

Soma tena uone: hakuna tusi, hakuna kutisha. Ila tarehe ipo kwenye barua pepe yenyewe, na ombi lipo. Asipojibu, au akikujibu kwa ukali, ipo Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data hapa hapa Nairobi. Malalamiko yanapelekwa bila malipo, na sheria inaitaka iyachunguze na kuyamaliza ndani ya siku 90. Tunza picha ya skrini ya agizo lake kama alikuandikia. Kama alikuambia kwa mdomo, andika kwenye daftari siku, saa, na waliokuwapo. Usisahau kuandika waliokuwapo.

Kuhusu ujumbe wa usiku. Ufaransa, tangu Januari 2017, kampuni zenye wafanyakazi wasiopungua 50 hutakiwa kujadiliana nao kuhusu haki ya kuizima simu ya kazi baada ya saa za kazi. Hapa kwetu Seneta wa Nandi, Samson Cherargei, alipeleka mswada wa namna hiyo mwaka wa 2022. Lakini usiingie kwa bosi ukishika mswada mkononi. Shika mkataba wako. Tazama saa za kazi zilizoandikwa pale, na ukumbuke kwamba sheria inakupa siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Kisha muulize, ana kwa ana, kwa upole: "Bosi, kitu kikiwa cha dharura usiku utanipigia? Nikiona simu nitapokea. Ujumbe wa kundini nitausoma nikifika asubuhi." Mabosi wengi wanaoandika usiku hawangoji jibu, wanatua mzigo walioubeba kichwani walale. Anayengoja jibu atakuambia, na hapo utakuwa umejua.

Na nyinyi mabosi mnaonisoma, ninawaomba. Ukikumbuka jambo saa tano usiku, liandike, usilitume. Slack na Microsoft Teams, zile programu za gumzo za maofisini, zote zina njia ya kupanga ujumbe uende saa mbili asubuhi. Kama ofisi yenu inatumia WhatsApp, ujiandikie mwenyewe. Na ukitaka kumkanya mfanyakazi, mwite. Mtu mzima kukanywa mbele ya watu 33, kwa maandishi ambayo mtoto wake anaweza kuyasoma akichezea simu, ni kumvunjia heshima, na hatafanya kazi vizuri zaidi kwa hilo. Nimewaona waliofanyiwa hivyo. Walibaki wamekaa kwenye viti vyao, lakini walikuwa wameshaondoka.

*

*Mama, niliacha kazi mwezi wa pili, lakini bado niko kwenye kundi la ofisi. Naona aibu kutoka, wataona nimewasusia. Kuna njia ya kutoka kimyakimya? — Msomaji wa Rongai*

Ipo. Tangu mwaka wa 2022 ukitoka kwenye kundi la WhatsApp, wanaoarifiwa ni maadmini tu. Lakini jua kwamba kwa siku 60 mwanakundi yeyote akifungua orodha ya waliotoka atakuona, kwa hiyo ukimya wenyewe si kamili. Mwandikie admini kwanza, faragha: "Nashukuru kwa miaka tuliyokaa, natoka kundini leo." Ukishaagana na admini, hujasusia mtu. Na kama admini ni wewe peke yako, mteue mwingine kabla hujatoka. Usipofanya hivyo WhatsApp itamteua yeyote, na mara nyingi anakuwa mtu asiyejua hata amepewa nini.

Ila nina neno na ofisi yenu. Mfanyakazi akiondoka, jina lake litolewe kundini siku ileile anayorudisha kitambulisho na funguo. Hilo si la kumchukia. Humo mna namba za wateja, bei na mizigo inayotoka saa ngapi. Siku ile kitu kikivuja, wa kwanza kushukiwa atakuwa yeye, na labda hana hatia yoyote.

*

*Kwako Mama Karani. Ofisi yetu iko Upper Hill na tunatumia Teams. Sisi watatu tulikuwa na gumzo letu tulipokuwa tunawahoji watu wa kazi. Humo tulisema mengi kuhusu dada mmoja, mshahara aliotaka, na maneno mengine ambayo sasa najuta. Huyo dada ndiye aliyepata kazi. Leo mkuu wetu amesema, "Muongezeni kwenye gumzo lenu ili mfanye kazi pamoja." Akiingia ataona ya nyuma? — Mwenye Wasiwasi*

Usimwongeze. Fungua gumzo jipya sasa hivi, lipe jina la kazi mnayoifanya, waweke wote wanne, na mkuu wenu atakuwa amepata alichotaka.

Sasa nikueleze sababu, kwa kuwa mambo haya hayafanani kila programu, na hapo ndipo watu wanapoumia. Kwenye Teams, ukimwongeza mtu kwenye gumzo la watu watatu au zaidi, unaulizwa aone kiasi gani cha nyuma: asione chochote, aone cha siku kadhaa unazochagua, au aone chote. Kidole kikiteleza pale, kimeteleza. Kama mlikuwa wawili tu, Teams ingeanzisha gumzo jipya na ya zamani yangebaki kwenu. Kwenye Slack, chaneli, yaani kundi la huko, hata iwe ya faragha, anayeingizwa anasoma kila kitu tangu siku ya kwanza. Na kwenye WhatsApp aliyeingizwa leo anaanza na ya leo, isipokuwa mtu amrushie ya jana. Kwa hiyo mtu aliyezoea WhatsApp, akihamia ofisi ya Slack, hubeba mazoea yake na kudhani yaliyopita yamejificha. Hayakujificha hata kidogo.

Nakupa na desturi niliyokuwa nayo kabla ya kumwingiza mtu mahali. Nilipanda juu nikasoma ujumbe wa wiki mbili za nyuma kwa macho yake yeye anayeingia. Nikikuta kitu ambacho kingemuumiza, au cha mtu mwingine kisichomhusu, nilijua kundi hilo si lake, linahitajika jingine. Dakika tano tu.

Kufuta mnaweza, lakini msidhani kufuta kunamaliza. Kwenye programu za kampuni, mwajiri anaweza kuweka mipangilio ya kuhifadhi ujumbe hata ukifutwa, na hakuna kengele itakayolia kukuambia. Yale ya mshahara wake na mahojiano yana mahali pake, faili la ajira. Yale maneno mengine unayoyajutia, hayana mahali kabisa. Huyo dada ataketi mbele yako kesho asubuhi. Mpokee vizuri, mwonyeshe maji ya kunywa yako wapi na mkahawa wa chakula cha mchana usio wa bei kali, mfundishe kazi kwa moyo. Kwa kuwa ulikosea ukiwa mbali naye, una nafasi ya kutenda wema ukiwa karibu.

*

*Mama yetu, kundi letu la kazi limekuwa la michango. Matanga, harusi, hospitali, tena matanga. Ile orodha ya majina na pesa inanakiliwa mara hamsini kwa siku. Mwenye shida simkatai, nachanga nikiwa nacho. Ila juzi mtu aliinakili orodha vibaya, jina langu na mia tano yangu vikapotea, na mweka hazina akanipigia kunidai mbele ya wenzangu. Tufanyeje? — Wa Donholm*

Rudishieni kundi la kazi kazi yake. Tangazo la msiba liwekwe pale mara moja, kwa heshima, jina la aliyefiwa na siku ya mazishi, pamoja na kiungo cha kundi la pembeni. Anayetaka kuchanga au kutoa pole kwa urefu aingie huko. Jumanne yangu ya 2019 ingekuwa tofauti kabisa kama tungelijua hili.

Huko pembeni, ile orodha ya kunakili iacheni. Kila anayeinakili anaishika kwa mkono wake, na ikinakiliwa na watu wawili kwa wakati mmoja, mmoja wao anafuta jina la mwenzake bila kujua, kama ilivyokupata wewe. Orodha ishikwe na mweka hazina peke yake. Pesa ziende kwa namba moja ya M-Pesa, ujumbe wa M-Pesa ndio risiti, naye aandike jumla kila jioni. Majina na kiasi cha kila mmoja akivitunza yeye, hatatokea wa kuonekana hakutoa. Wapo wenzetu ambao mia mbili yao ya wiki hii ni nauli, na hawatakuambia.

Siku saba baada ya mazishi aweke hesabu: zilizoingia, zilizotolewa, aliyezipokea kwa niaba ya familia. Awape watu siku mbili za kuuliza. Mia tano yako ikiwa imeonekana, na yeye akiwa amekuomba radhi mbele ya walewale waliosikia akikudai, alifunge kundi Ijumaa jioni.